Burns na neno "hasa": aliiokoa lugha yake au aliifungia karamuni?

Tarehe 31 Julai 1786, katika mji wa Kilmarnock kusini-magharibi mwa Uskoti, mpiga chapa John Wilson alitoa kitabu cha mashairi, nakala 612. Mtunzi alikuwa mkulima wa miaka 27, Robert Burns. Shamba lilikuwa halimlipi. Kanisani alikuwa amekemewa mbele ya waumini kwa sababu ya mimba ya Jean Armour, na wasomaji wa Kenya waliolelewa katika Presbiteri wanawajua vizuri wale wazee wa kanisa, kwani utaratibu wao ulitoka Uskoti hiyo hiyo. Juu ya hayo alikuwa anapanga kupanda meli kwenda Jamaika kuwa karani kwenye shamba la watumwa. Jamaika hakwenda. Kitabu kilinunuliwa upesi, naye akaelekea Edinburgh.

Jina la kitabu, kwa tafsiri yangu, ni Mashairi, Hasa kwa Lahaja ya Kiskoti. Neno lililonikaa kichwani ni hilo "hasa". Anayelitumia anakiri kwamba si yote. Humo ndimo ulimolala ugomvi ambao wapenzi wa fasihi ya Uskoti hawajaumaliza: Burns aliipa lugha ya kwao uhai mpya, au aliitengea kona ya kuchekea, kulilia na kulewea, akawaachia Waingereza mambo mazito?

Kwa asiyeifahamu lugha yenyewe, Kiskoti si Kigaeli. Kigaeli ni lugha ya Kikelti, ya milimani na visiwani. Kiskoti ni ndugu wa Kiingereza, tumbo moja, ila kilikulia kaskazini, na zamani kilikuwa lugha ya ikulu, ya mahakama na ya washairi wa mfalme. Kisha mambo yakakigeuka kidogo kidogo. Mwaka 1560 Matengenezo ya kanisa yalishinda, na Biblia iliyosomwa ikawa ya Kiingereza. Mwaka 1603 mfalme James alihamia London, na mwaka 1707 bunge nalo likafuata. Mungu alianza kusema Kiingereza, mfalme akafuatia, sheria ikaja nyuma yao. (Msomi W. L. Lorimer alilitafsiri Agano Jipya kwa Kiskoti kutoka Kigiriki, likachapishwa mwaka 1983, na katika kiambatisho chake Shetani ndiye anayezungumza Kiingereza sanifu. Kisasi kizuri.) Kufikia zama za Burns, wenye elimu wa Edinburgh walikuwa wanajisugua Kiskoti kama mtu anayejisugua tope miguuni. Mwanafalsafa David Hume aliandaa hata orodha ya maneno ya Kiskoti ya kuepukwa katika maandishi.

Hapo ndipo anapoingia mkulima na panya wake. Novemba 1785 jembe la Burns lilifumua kiota cha panya shambani, naye akatunga shairi linaloanza hivi: "Wee, sleekit, cow'rin, tim'rous beastie". Wee ni -dogo. Sleekit ni laini inayong'aa, tena ina harufu ya ujanja ndani yake. Cow'rin ni kujikunyata. Beastie ni mnyama aliyetiwa kiambishi cha udogo, kama sisi tunavyosema kinyama, ila chao kinabembeleza mahali ambapo chetu mara nyingi kinadharau. Mstari mmoja tu, na panya umemwona. Nenda ubeti wa pili sasa: "I'm truly sorry man's dominion / Has broken Nature's social union". Anasikitika kwamba utawala wa binadamu umevunja umoja wa viumbe. Hicho ni Kiingereza kitupu, cha vitabu vya falsafa vya karne ile. Mkulima amevua buti, amevaa koti la mwanazuoni.

Mwaka 1936 mshairi Edwin Muir, mzaliwa wa visiwa vya Orkney, aliujengea mwachano wa namna hiyo hoja iliyowaudhi wengi. Mskoti, alisema, huhisi kwa lugha moja na kufikiri kwa nyingine. Kiskoti ni cha moyo, Kiingereza ni cha akili, na fasihi iliyopasuliwa hivyo haiwezi kukomaa. Anayetaka kuandika kwa ukamilifu, basi aandike Kiingereza. Ushahidi wake mkubwa ni utenzi wa Tam o' Shanter wa mwaka 1790. Mlevi anarudi nyumbani usiku juu ya farasi, anapita gofu la kanisa la Alloway, anakuta wachawi wanacheza ngoma. Hadithi inakwenda kwa Kiskoti cha kukimbiza pumzi. Ghafla, kabla Tam hajaondoka kilabuni, Burns anasimama na kutafakari kwa Kiingereza: anasa ni kama ua la mpopi, ulishikapo petali zinapukutika, au kama theluji iangukiayo mtoni, nyeupe kitambo kidogo, halafu haipo tena. Akimaliza anarudi kwenye Kiskoti chake. Umeona, anasema Muir, wakati wa kufikiri umefika na lugha imebadilika.

Hoja hii ina nguvu, na kwa muda mrefu mimi mwenyewe niliikubali. Kilichonitoa ni kulisoma shairi la panya mpaka mwisho. Mistari ambayo watu wa nchi nyingi wanaijua, hata wasiojua ni ya nani, ni hii: "The best-laid schemes o' mice an' men / Gang aft agley". Mipango ya panya na ya watu, hata iliyopangwa vizuri namna gani, mara nyingi huenda kombo. Hilo ndilo wazo kuu la shairi, na limesemwa kwa Kiskoti. Ubeti ule wa Kiingereza ulioleta falsafa ndio dhaifu kuliko yote, unasikika kama mtu anayesoma risala. Neno agley, yaani kombo, linafanya kazi ambayo ile mistari miwili ya kisomi imeshindwa.

Kuna ushahidi mwingine ambao kwangu ni mzito zaidi, Sala ya Willie Mtakatifu, ya mwaka 1785. Mzee wa kanisa mnafiki anaomba. Anaanza kwa lugha iliyoegemea Kiingereza cha Biblia, yenye kilemba na joho, anamsifu Mungu aliye mbinguni ambaye kwa utukufu wake humpeleka mmoja peponi na kumi motoni. Anapofika kwenye dhambi zake mwenyewe, ulimi unateleza: "O L—d! yestreen, thou kens, wi' Meg". Bwana, jana usiku, wajua, na Meg. Utakatifu umesemwa kwa lugha moja na zinaa imesemwa kwa nyingine, na kichekesho chote kiko kwenye mshono. Mtu anayeweza kuuchezea mshono namna hiyo hajapasuliwa na lugha zake mbili. Anazimiliki zote, anachagua kama fundi anavyochagua patasi. Ukishaliona hilo, hata ule mpopi wa Tam unaweza kuusoma vingine. Huenda ni mzaha, mhubiri wa kujifanya anayeingilia hadithi ya mlevi. Wapo wahakiki wanaousoma hivyo. Mimi sina hakika ni mzaha, lakini naona si ajali.

Sisi hatupaswi kulishangaa jambo hili. Mamlaka za kikoloni zilipokisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja kuanzia mwaka 1930, Kimvita kilibaki kwa wengi lugha ya "washairi wa zamani", ya Muyaka bin Haji, aliyekuwa kijana Mombasa wakati Burns anakata roho Dumfries. Halafu Abdilatif Abdalla akafungwa kwa waraka wa kisiasa, na mashairi aliyoyatunga gerezani, Sauti ya Dhiki ya mwaka 1973, yakatoka kwa Kimvita. Asome mtu mashairi yale kisha athubutu kusema lahaja ni ya kuhisi tu.

Upande wa pili nao usipuuzwe, maana lawama nyingine zinamfikia Burns mwenyewe. Desemba 1786 mwandishi Henry Mackenzie alimsifu kwa jina lililomganda maisha yake yote, mkulima aliyefundishwa na mbingu. Katika makala hiyo hiyo alilalamika kwamba lahaja ile hata Waskoti wanaisoma kwa taabu, na Uingereza haisomeki bila kurudi kwenye faharasa kila mara. Mwaka uliofuata Dkt. John Moore alimshauri kwa barua aipunguze. Ushauri wa kisomi wa namna hiyo tunaujua: una kipaji, kijana, sasa acha kuongea kama mama yako. Burns hakuufuata sana. Lakini picha ya mkulima asiyesoma aliikubali, na dibaji ya kitabu cha Kilmarnock inaiuza waziwazi. Ukweli ni kwamba alikuwa na mwalimu mzuri utotoni, alimsoma Shakespeare na mshairi Alexander Pope, na Kifaransa alikigusa. Alijua kuwa mabwana wa Edinburgh wangeinunua ngano ya mkulima wa ajabu, akawauzia. Faida ilikuwa yake, bei ikalipwa na lugha. Kiskoti kikazoeleka kuwa kitu cha shamba, kizuri kwa panya, ng'ombe na mapenzi ya kondeni.

Waliomfuata katika karne ya 19 walizidisha. Hawakuwa na ukali wake, wakachukua machozi na moshi wa jikoni. Mwaka 1926 Hugh MacDiarmid, kwa utenzi wake mrefu wa mlevi anayelitazama ua la mbigili, aliwashambulia wanaofanya karamu za Burns kila tarehe 25 Januari, siku aliyozaliwa. Alisema, kwa maneno yake, kwamba hamsini wakikusanyika hapati hata mmoja anayelijua neno la Burns. MacDiarmid alitaka Kiskoti kibebe kila kitu, kuanzia nyota mpaka siasa na Mungu, na maneno yaliyokosekana aliyachimbua kwenye kamusi za kale. Ninamheshimu. Ila ukisoma ukurasa wake mmoja unahitaji faharasa kubwa kuliko aliyoihitaji yeyote kwa Burns, na mvuvi wa Aberdeen hakuwahi kuuimba.

Kuimba ndiko kunakoniweka upande wa Burns, na ndiko pia kunakonitia wasiwasi. Baada ya Edinburgh aligeukia nyimbo. Alimkusanyia James Johnson, mchongaji wa bamba za muziki, zipatazo 200, nyingine zake, nyingine za wahenga alizozishonea viraka, na akamwandikia George Thomson nyingine nyingi. Fedha hakutaka, ingawa alikuwa mtoza ushuru mwenye nyumba iliyojaa watoto. Kwa Thomson alieleza anavyotunga. Kwanza huishika tuni, anaivumisha mpaka imemkaa, kisha anatoka kutembea, na mwisho anakaa karibu na moto akibembea kwenye miguu ya nyuma ya kiti mpaka maneno yaje. Thomson alipomtaka atunge kwa Kiingereza, alijibu kwamba mawazo yake ni makavu zaidi kwa Kiingereza kuliko kwa Kiskoti. Alisema mawazo, na jibu hilo linagongana uso kwa uso na hoja ya Muir.

Lakini wimbo unaweza kusambaa na lugha ikabaki nyuma. Auld Lang Syne alimpelekea Johnson mwaka 1788, na alisema aliupata kwa mzee mmoja. Jina lake ni kama kusema "zile siku za kale". Kila 31 Desemba usiku wa manane unaimbwa duniani kote, na wengi wanaujua ubeti wa kwanza na kiitikio tu, tena wanaongeza maneno ya Kiingereza ambayo Burns hakuyaandika. Ubeti mzuri kuliko yote hawaufikii. Rafiki wawili wanakumbuka walivyokuwa wakichezea maji ya kijito tangu asubuhi mpaka wakati wa kula, na tangu siku hizo bahari pana zimenguruma kati yao. Kiskoti cha ubeti ule hakihitaji kamusi kubwa, maneno matano hivi, lakini hakuna anayeyauliza.

Tarehe 1 Julai 1999 bunge la Uskoti lilifunguliwa upya, Malkia Elizabeth akiwepo. Sheena Wellington alisimama akaimba peke yake, bila ala, wimbo wa Burns wa mwaka 1795: cheo ni chapa tu kwenye sarafu, dhahabu ni mtu mwenyewe. Aliuandika mtu ambaye miaka tisa kabla alikuwa tayari kwenda kuandika hesabu za watumwa, na hilo wapenzi wake huliruka. Kwenye ubeti wa mwisho wabunge waliitikia pamoja naye, kwa Kiskoti. Hotuba za siku hiyo zilikuwa kwa Kiingereza. Sheria ya kukitambua Kiskoti rasmi, pamoja na Kigaeli, bunge hilo lilikuja kuipitisha mwaka 2025.