Njugu Kwenye Siri ya Mtu

Jumapili jioni nilinunua njugu za shilingi 20 pale Lighthouse, Mombasa. Nilipozimaliza nikakunjua karatasi, nikakuta picha ya kitambulisho cha mama wa Likoni: uso, nambari, sahihi. Chini, mhuri wa ofisi wa 2009. Nyuma, kwa mwandiko wake, ameeleza kwa nini mumewe ameshindwa kulipa mkopo.

"Mwanangu, karatasi hizi wazipata wapi?"

"Twanunua kwa kilo, mama."

Kijana hana kosa. Hasira yangu ni kwa ofisi.

Nimekaa masjala miaka 11 mjini hapa, na najua mambo yanavyokwenda. Kabati limejaa, mafaili yamefika dirishani, unyevu umeyalainisha, mchwa wanakula kwa chini. Ukiuliza, jibu ni moja: yaache, huenda yakahitajika. Halafu anakuja mkubwa mpya, anataka chumba kiwe wazi kufikia Ijumaa. Hapo hakuna anayefungua hata jalada moja. Magunia yanajazwa, mkokoteni unaitwa, na maisha ya watu yanapimwa kwenye mizani.

Hata huko kuyarundika ni kosa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitaki ukae na habari za mtu kupita haja yake. Sheria nyingine zataja muda wa kutunza: rekodi za kodi, miaka 5. Maelezo ya mfanyakazi, miaka 5 tangu aache kazi. Basi siku faili linapofungwa, andika juu yake mwaka wa kuliondoa. Mwaka ukifika, karani alisome, aliorodheshe, mkubwa atie sahihi, lichomwe mbele ya mashahidi. Ofisi za umma nazo zipate kwanza idhini ya Idara ya Nyaraka za Taifa.

Nakubali, wapo waliokataa kutupa wakaokoa watu. Mzee jirani yetu Kisauni alipata pensheni kwa barua ya 1978 iliyokutwa chini ya rundo. Na karatasi za ardhi, sisi wa Pwani twajua, za tangu sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908 bado zinaamua nani alale wapi. Lakini barua ile ilipona kwa sababu karani aliisoma. Kusoma ndiko ninakokupigania.

Nilimwomba kijana aniuzie karatasi zote zilizobaki. Usiku nikazichoma jikoni, moja moja. Zilikuwa kurasa 23, na watu 9.