Roboti Ikikosea, Nani Analipa?

Februari 2024, baraza la utatuzi wa madai ya kiraia la British Columbia, Kanada, liliamua kesi ya fedha kidogo. Abiria aliyefiwa na bibi yake alikuwa ameiuliza roboti ya mazungumzo kwenye tovuti ya Air Canada kuhusu nauli ya msiba. Ikamwambia akate tiketi tu, punguzo ataliomba ndani ya siku 90. Kumbe sera ya shirika haikuruhusu kuomba baada ya safari. Air Canada ikajitetea kwamba roboti inawajibika yenyewe kwa matendo yake. Baraza lilikataa, na shirika likaamriwa kulipa dola 812 za Kanada.

Shirika la ndege halitayumba kwa dola 812. Muuza vipuri wa Kirinyaga Road, Nairobi, anayeiuliza programu ya akili unde kwenye simu yake amkate mfanyakazi kiasi gani, hana mawakili wa kumtetea.

Hata hivyo siwacheki wanaozitumia programu hizi. Mhasibu anataka ada, na saa nne usiku hapokei simu. Akili unde inakuandikia barua ya kumdai mteja sugu kwa lugha ya adabu, bure. Na tuseme kweli: zamani maswali ya kodi alijibiwa mtu na shemeji yake, naye shemeji alikosea kwa kujiamini vilevile.

Ila shemeji unamjua, na akisitasita unamwona. Programu haisitisiti. Inapanga maneno kwa kufuata mazoea ya maandishi iliyolishwa, na palipo na maandishi mengi ya zamani, jibu la zamani ndilo hujitokeza. Makato ya afya Kenya ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, ilikata kwa madaraja, mwisho shilingi 1,700 kwa mwezi. Tangu Oktoba 2024 ni SHIF, mfuko wa bima ya afya ya jamii ulioirithi: asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, bila kikomo cha juu. Anayelipwa 100,000 anakatwa 2,750. Mwajiri aliyepewa jedwali la zamani atabaki na pengo la 1,050 kwa kila mfanyakazi wa mshahara huo, kila mwezi.

Mbaya zaidi ni Mswada wa Fedha wa 2024. Ulipendekeza kiwango cha mauzo cha kujisajili kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kipande kutoka milioni 5 hadi milioni 8. Magazeti yaliandika sana, kisha maandamano yakauzika mswada mzima. Habari zile bado zipo mtandaoni, na mashine inaweza kukusomea pendekezo kama sheria.

Wataalamu husema: hakiki kila kitu. Rahisi kusema. Ukihakiki kila neno, umeokoa muda gani? Tena kosa hulioni usipolijua somo lenyewe. Mimi naona tugawe kazi. Barua, tangazo, maelezo ya bidhaa: iachie, kwa kuwa bidhaa ni yako na uongo utauona. Viwango, tarehe na vifungu: usiulize, ipe tangazo lenyewe la KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ikueleze. Inaweza kuruka sharti, lakini karatasi unayo mkononi.

Zipo sasa programu zinazopekua mtandao na kutaja ukurasa zilikotoa jibu. Hizo nafuu. Ufungue basi ukurasa huo, na kabla ya kutazama asilimia, tazama umeandikwa mwaka gani.