Shilingi 500 kwa mwezi: hesabu ya elimu bila ada ya CCM

Wanaoilaumu sera ya elimu bila ada husema CCM, chama tawala cha Tanzania, ilifuta ada Januari 2016, shule zikakosa pesa, ubora ukaporomoka, na dawa ni mzazi arudi kulipa. Kwa shule ya msingi, hesabu hiyo inaanza vibaya. Ada ya shule ya msingi ilikwisha kufutwa 2001, wakati wa Rais Mkapa, kuupisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM). Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 haukuikuta ada ya kufuta huko. Uliikuta michango: ya mlinzi, ya dawati, ya mitihani ya majaribio, ya mwenge, ya ukarabati wa choo, ya jengo ambalo halikwisha. Ada ya kweli ilikuwa sekondari, 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni, na hiyo 20,000 yenyewe ilikuwa nusu ya ile 40,000 iliyotozwa kabla ya MMES, mpango kama huo wa sekondari.

Kwa hiyo swali la maana ni nani alikuwa akilipia chaki na mlinzi, na nani anamlipa sasa. Ahadi haikuwa ya CCM peke yake. Mwaka 2015 Lowassa, aliyegombea urais kwa CHADEMA na muungano wa upinzani wa UKAWA, aliahidi elimu bure mpaka chuo kikuu, yeye ambaye alikuwa Waziri Mkuu wakati shule za kata zikijengwa kwa michango hiyohiyo. Tofauti ya vyama ilikuwa mahali pa kusimama. Ilani ya CCM ilisimama kidato cha nne, na serikali ikasogea hadi cha tano na cha sita katika mwaka wa fedha 2022/23.

Jambo ambalo sera hii haisifiwi vya kutosha ni njia ya pesa. Zamani ruzuku ya uendeshaji ilipita halmashauri. Ilifika pungufu, ilifika muhula ukiisha, au haikufika, na mwalimu mkuu hakuwa na pa kuuliza. Tangu Januari 2016 Hazina inatuma moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, kila mwezi, kwa idadi ya wanafunzi. Kwa mara ya kwanza kamati ya shule ya kijijini inaweza kukaa mwezi wa kwanza na kupanga ya mwezi wa nne. Pesa ikiingia, kiasi kinabandikwa ubaoni, kinaingizwa kwenye mfumo wa serikali wa hesabu za fedha, na mzazi anayejua kuzidisha anaweza kukagua mwenyewe: wanafunzi mara kiwango. Anayetaka turudi kwenye michango anatakiwa aseme kwanza kama yuko tayari kuupoteza utaratibu huu, kwa sababu mchango wa papo kwa papo haukuwahi kuwa na kumbukumbu ya namna hiyo. Na wakati wa michango, mwalimu wa darasa ndiye aliyekuwa mtoza. Mtoto asiyeleta alirudishwa nyumbani, na waliorudishwa walikuwa walewale kila wiki.

Watoto walikuja. Darasa la kwanza la 2016 lilipokea zaidi ya milioni 2, na jumla ya wanafunzi wa shule za msingi ikatoka takriban milioni 8.3 mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 10 mwaka 2018. Hao nyongeza walikuwepo siku zote, mitaani na machungani. Kuna wanaozitaja takwimu hizi kama ushahidi kwamba sera ilivuruga shule. Ni kama kuilaumu zahanati kwa kuwa na foleni.

Sasa tuje kwenye kiwango. Ruzuku ya shule ya msingi ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati yake 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huenda shuleni. Gawa kwa miezi 12, unapata shilingi 500. Shule ya wanafunzi 600 inapokea 300,000 kwa mwezi, na humo zitoke chaki, karatasi za mitihani, umeme wa LUKU, maji, shajara, kitasa kilichovunjika, nauli ya mwalimu anayepeleka takwimu wilayani. Mlinzi peke yake anaweza kuimaliza.

Kiwango hicho kilitoka wapi? MMEM ilipoanza 2002 kilikuwa dola 10, na dola wakati ule ilikuwa kama shilingi 1,000. Sera mpya ikakirithi kwa shilingi, si kwa thamani. Leo 10,000 ni kama dola 4. Kwa hiyo mwaka 2016 serikali ilichukua mzigo wa mzazi na kuubeba kwa kamba iliyosokotwa miaka 14 nyuma, wakati wa bei nyingine kabisa.

Linganisha sasa na posho ya madaraka iliyokuja na sera hiyohiyo: mwalimu mkuu wa shule ya msingi 200,000 kwa mwezi, mkuu wa shule ya sekondari 250,000. Posho ni halali, na ilichelewa mno kuja. Lakini piga hesabu: shule ya wanafunzi 400 inapata ruzuku ya 200,000. Posho ya mtu mmoja ni sawa na pesa yote ya kuendesha shule aliyopewa aiendeshe, na shule yenye watoto 250 inapata 125,000. Kasoro iko kwenye fomula. Inahesabu vichwa tu, huku gharama nyingi za shule zikiwa hazijali vichwa: mlinzi ni mmoja, mita ya umeme ni moja, safari ya wilayani ni ileile. Shule ndogo ya pembezoni inaumizwa na fomula, shule kubwa ya mjini inaumizwa na vyoo, kwa kuwa kigezo ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na ruzuku haijengi tundu. Sekondari ya kutwa imekaa vizuri zaidi: 12,500 ya ruzuku inayofika shuleni na 20,000 ya fidia ya ada, jumla 32,500 kwa mwaka, zaidi ya mara tano ya mtoto wa msingi. Huyu wa msingi ndiye anayejifunza kusoma.

Upande wa pili una hoja ambazo propaganda ya chama imezipuuza kwa hasara yake yenyewe. Hoja nzito ni ya uji wa shuleni. Waraka Na. 3 wa 2016 ulisema wazi majukumu ya mzazi: sare, madaftari, kalamu, chakula kwa wanafunzi wa kutwa, matibabu. Jukwaani likabaki neno moja, bure. Mzazi aliyesikia bure kwa mbunge hakuona kwa nini apeleke debe la mahindi shuleni. Kisha Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango kwa ukali, na walimu wakuu wakaona salama ni kutogusa chochote, hata kile wazazi walichokubaliana kwa mihtasari. Ufafanuzi ulikuja baadaye, kwamba michango ya hiari ipitie kwa mkurugenzi na mwalimu asikusanye, lakini jiko lililozimika haliwashwi kwa barua. Kuna na hoja ya walimu: ajira za serikali zilisimama katikati ya 2016, ukafuata uhakiki wa vyeti, wakati ambapo watoto ndio kwanza wanamiminika. Darasa la 45 kwenye karatasi likawa la mia na zaidi. Haya yote ni kweli. Hata hivyo hakuna hata moja linalotibiwa na ada. Mwalimu haajiriwi kwa mchango wa mzazi, na mtoto mwenye njaa kwa kawaida ndiye ambaye mzazi wake hakuwa na mchango.

Nyaraka za serikali siku hizi husema zaidi elimumsingi bila ada, si bila malipo. Ni marekebisho ya maana, yaliyopita kimyakimya. Chama kingelisema hivyo mwaka 2015, ugomvi mwingi wa vikao vya wazazi usingekuwepo.

Majengo yalitoka mfuko mwingine kabisa. Shule ya wanafunzi 600 ikiweka ruzuku yake yote ya mwaka, 3,600,000, bila kununua hata chaki, itahitaji miaka mitano na nusu kupata darasa moja kwa bei ya 20,000,000 iliyotumika 2021. Ndiyo maana madarasa 12,000 ya sekondari ya mwaka ule yalitoka kwenye mkopo wa IMF wa Uviko, na mengine 8,000 yakajengwa 2022 kuwapokea kidato cha kwanza wa Januari 2023, yaani wale walioanza darasa la kwanza 2016. Serikali iliwaona wanakuja kwa miaka saba na bado madarasa yakamaliziwa Desemba, rangi ikiwa mbichi.

Safari hii wanaokuja ni wengi zaidi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inashusha elimu ya msingi kuwa miaka sita na kuifanya elimu ya lazima kuwa miaka 10. Walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya Januari 2024 watamaliza la sita 2027, mwaka uleule ambao wenzao wa mtaala wa zamani wanamaliza la saba. Mikondo yote miwili itaingia kidato cha kwanza Januari 2028. Wanaofanya mtihani wa darasa la saba ni zaidi ya milioni 1 kila mwaka, na lazima maana yake hakuna wa kubaki nyumbani. Kwa kila nyongeza ya wanafunzi milioni 1, kwa darasa la wanafunzi 40, ni madarasa 25,000, ambayo kwa bei ya 2021 ni shilingi bilioni 500, kabla ya maabara, vyoo na walimu wa hisabati. Katika ile 12,500 ya ruzuku hakuna hata tofali moja la hayo.