Bomba la Gari la Wazi Lianze na Kichwa cha Anayekaa

Wengi wanaomiliki gari dogo la wazi kwa ajili ya kujifurahisha hulipamba kabla ya kulipima. Hununua taa za ziada na rimu pana, kisha bomba la chuma la nyuma ya viti, lile linalotakiwa kubeba uzito wa gari likipinduka, huachwa hadi mwisho na kutengenezwa kwa chuma chochote kilichobaki gereji. Ninapinga utaratibu huo kwa dhati, kwa sababu Suzuki SJ410 niliyoinunua hapa Tanga, ikiwa imekwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa, ilikuja na bomba la namna hiyo.

Kwa macho lilipendeza. Nilipojilaza chini ya gari ndipo nilipoona kwamba miguu yake ilichomelewa moja kwa moja kwenye bati la sakafu, bati ambalo chumvi ya bahari ilikuwa imelila kiasi kwamba bisibisi ilipenya kwa kusukumwa na mkono mmoja. Tulipolikata tukakuta ni bomba la maji lenye mshono. Gari lingepinduka, miguu ile ingetoboa sakafu na sisi tungebaki bila kinga yoyote.

Kupinduka si jambo la kubuni kwa magari haya mafupi yaliyoinuka. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, SJ410 ina milimita 2,030 tu. Mwaka 1988 jarida la Consumer Reports la Marekani lilitangaza kwamba ndugu yake, Samurai, halifai kwa sababu ya hatari ya kupinduka. Suzuki ikapinga, ikafungua kesi mwaka 1996, na pande mbili zikapatana mwaka 2004. Msomaji aamue mwenyewe nani alikuwa na haki. Mimi ninayeendesha gari hili kila wiki sikati kona kwa kasi.

Kipimo nilichompa fundi nilikichukua kwenye kanuni za magari ya mashindano za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, ambazo kwa bomba kuu zinataka chuma kisicho na mshono chenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, na kila mguu ukazwe kwa bolti zisizopungua tatu za M8, yaani za kipenyo cha milimita 8, pamoja na bamba la kuimarisha lenye unene wa milimita 3 na eneo la sentimita 120 za mraba. Gari langu si la mashindano, lakini uzito wake ukiniangukia hautauliza. Bati lililooza tulilikata lote na kuweka jipya kabla ya kugusa bomba.

Kabla ya kuchomelea chochote, fundi alichukua mpini wa ufagio, akaulaza kutoka juu ya bomba hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele, akaniambia nikae kitini kama ninavyokaa siku zote. Mpini uligusa nywele zangu. "Kaka, hapa kichwa ndicho kitakachofika chini kwanza," alisema, na hakukuwa na la kubishana. Kiti kilikuwa hakishuki tena, kwa hiyo tuliinua bomba kwa sentimita 7.

Bomba lililo karibu na kichwa ni hatari lenyewe, hata katika ajali ndogo, na hapo ndipo ninapowasihi wenzangu waache sponji ya makochi. Ibonyeze kwa kidole gumba: utalihisi chuma papo hapo. Inayofaa ni sponji ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya mabomba haya. Mkanda nao una masharti yake. Ule wa pointi tatu, ambao Nils Bohlin wa Volvo aliubuni mwaka 1959, unataka sehemu yake ya juu ifungwe usawa wa bega au juu zaidi, kwa maana ikifungwa chini ya bega, mgongo ndio utakaobanwa gari likigonga. Jua pia huudhoofisha mkanda taratibu, nami huufunika gari likiegeshwa.

Kuhusu starehe, upepo ulinifundisha zaidi ya jua. Nilidhani unanipiga kutoka mbele, hadi nilipofunga vipande vya kanga kwenye bomba na kumwomba mwanangu avitazame tukielekea Muheza. "Baba, vinapepea kuja mbele!" Hewa inayoruka juu ya kioo hugeuka nyuma ya viti na kurudi kisogoni, ikileta vumbi na kumchosha dereva, na dereva aliyechoka huchelewa kukanyaga breki. Kipande cha polikaboneti, plastiki ngumu inayopitisha mwanga, nilichokifunga kati ya viti na bomba, kingo zake zikiwa zimevishwa mpira, kilimaliza karibu yote. Turubai la kivuli lilishonwa kwa uzi wa poliesta, kwa kuwa wa pamba huoza upesi katika hewa ya hapa.

Benchi za nyuma, zile za kukaa ubavu ubavu, nimezing'oa. Ziko nyuma ya bomba, hazina mikanda, na watoto ndio wanaozipenda kuliko wote. Mahali pake pana sanduku la vifaa lililofungwa kwa bolti, na mwanangu hukaa mbele.