Altaneta Iliyooga

Fundi rewaya pale Mwanjelwa, Mbeya, aliweka mita kwenye betri huku injini inaunguruma, akaniita nisome mwenyewe. Volti kumi na mbili kasoro.

"Ingekuwa nzima ungeona kumi na tatu na nusu kwenda kumi na nne na kitu," akasema. "Altaneta haichaji, bosi. Hapa gari inakula betri tu."

Sikushangaa sana. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa namleta mama mkwe kutoka Tukuyu, na mikungu yake ya ndizi nyuma. Tulipofika Isyonje, ukungu umetanda, taa ya betri ikawaka kwenye dashibodi, taa za mbele zikaanza kufifia, redio ikanyamaza yenyewe. Nikazima kila kinachozimika ili umeme uliobaki ulishe plagi. Mama mkwe akawasha tochi ya simu, akaielekeza kwenye kioo cha mbele, akaniambia, "Wewe endesha tu, mwanangu. Mimi naona." Alikuwa haoni kitu, lakini mama mkwe hajibiwi.

Basi fundi akataja bei ya spea, akataja na ya kuifunga. Hiyo ya pili ndiyo iliyoniudhi. Altaneta ya Corolla ya zamani ni bolti ya juu, bolti ya chini, nyaya na mkanda. Spana ninazo. Nikamlipa kupima, nikarudi zangu Uyole.

Jumamosi nikamtuma shemeji, mdogo wake mke wangu, akachukue altaneta ya mtumba dukani mjini. Kijana kamaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo, na kazi yake kubwa hapo nyumbani ilikuwa kusubiri. Akairudisha ndani ya salfeti, akaitua pembeni ya gari. Mimi wakati huo nimeshainama ndani ya boneti, sikuifungua.

Asiyeijua Uyole mwezi wa Juni asinicheke. Spana ukiishika asubuhi inakung'ata. Halafu boneti ikishafunguliwa uani hapa mtaani, hakuna mtu anayepita bila kutoa pole, na baada ya pole, ushauri. Wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu, mstaafu wa TAZARA, na koti lake la kazini analolivaa mpaka leo.

"Umetoa hasi ya betri?"

"Nataka kutoa, mzee."

"Toa hasi kwanza. Ule waya mnene nyuma ya altaneta unatoka moja kwa moja kwenye betri, hauna habari na swichi. Spana ikigusa bodi hapo, utaona jua likichomoza ndani ya injini."

Huyu mzee anasema sana, lakini hasemi uongo. Nikatoa hasi. Nikalegeza bolti ya juu, mkanda ukalegea, nikauvua. Ya chini ikagoma. Ni bolti ndefu, imepita upande huu ikatokea upande ule, na kutu ilikuwa imeioa kabisa. Tukaimwagia mafuta ya taa, tukasubiri, tukachomeka bomba kwenye mkia wa spana ili kuongeza nguvu. Mzee akahesabu kwa sauti kama tunasukuma behewa. Ilipoachia, nilibamiza vidole kwenye rejeta, nikatamka neno ambalo mama mkwe, aliyekuwa anamenya ndizi kibarazani, alijifanya hakulisikia.

Nikaitoa altaneta. Nyeusi, imevaa matope ya barabara ya Chunya na mafuta ya injini ya tangu enzi za mwenye gari wa kwanza. Nikaiweka juu ya salfeti, jirani na mwenzake, nikaingia ndani kunywa chai ili vidole virudi kuwa vyangu.

Yaliyotokea wakati nakunywa chai niliyajua baadaye kwa kuuliza shahidi mmoja mmoja.

Mama mkwe alisogea kuangalia. Akafungua salfeti. Akaona vyuma viwili, vyote vichafu, maana spea ya mtumba haiogeshwi dukani. Akamwambia shemeji, "Kitu cha kuingia kwenye gari la watu hakiwi hivi. Hiyo mpya ioshe." Shemeji akatazama. Hakuna iliyofanana na mpya. Akachukua iliyokuwa karibu naye. Akaikoroga na petroli, akaipiga brashi ya viatu, akaimalizia kwa sabuni ya unga, akaianika juani juu ya ukuta. Naambiwa ilikuwa inameremeta mpaka watoto wakaja kujitazama.

Ndipo akapita yule kijana wa mkokoteni. "Chuma chakavuuu! Betri mbovu, sufuria zilizotobokaaa!" Mama mkwe, mtu asiyependa takataka uani, akamwita. Kijana akaitundika ile chafu kwenye mzani wake wa ndoano, akachungulia matundu yake, akaona shaba ya koili inang'aa humo ndani, wala hakubishana bei. Akatoa elfu tatu na mia tano, akaondoka anapiga mluzi.

Nikatoka na kikombe changu. Nakuta altaneta moja, safi kama ya arusi. Nani angeshuku? Nikaifunga. Bolti ya chini, bolti ya juu, waya mnene, soketi ndogo. Nikauvuta mkanda, mzee akaukandamiza kwa kidole gumba katikati, ukabonyea kama sentimita moja, akatikisa kichwa kuridhika. Nikarudisha hasi mwisho. Tukakopa nyaya na betri ya pikapu ya jirani, gari likawaka.

Na taa ya betri kwenye dashibodi ikawaka nalo.

Aliyetukanwa hapo ni muuza spea. Mzee alimtukana kwa utaratibu, jirani wa pikapu akamtukana kwa uzoefu, mimi nikampigia simu. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kaka, tazama kwa nyuma. Kila spea yangu naipiga rangi nyekundu, watu wasinirudishie za kwao. Ipo?"

Nikatazama kwa tochi. Hakuna rangi.

"Basi hiyo ni ya kwako mwenyewe," akasema kwa upole, akakata simu.

Nikageuka. "Shemeji, ile nyingine iko wapi?"

"Ile chafu?" akadakia mama mkwe. "Nimeuza." Akafungua fundo la kanga akanionyesha hela, ili nisije nikadhani kaniibia.

Nikaifungua tena ile altaneta. Safari hii bolti ya chini haikuleta ubishi, ilikuwa imeshazoea. Gari halina chaji, kwa hiyo bodaboda. Na mama mkwe akasema lazima aje, kwa sababu yeye ndiye anayeijua sura ya kijana. Mishikaki na mama mkwe! Nilisimama pale nikitafuta namna ya kukaa, maana nimsogelee nani, nimshike wapi? Yeye ndiye aliyeamua: altaneta ikae katikati yetu, ndani ya salfeti. Heshima ikatunzwa hivyo mpaka kwenye viwanja vya Nane Nane, ingawa kila tuta lilinikumbusha puli iko upande gani.

Tukamkuta kando ya barabara anakula mahindi ya kuchoma, mkokoteni umejaa. Altaneta yetu iko juu kabisa, na rangi nyekundu chini ya vumbi, dhahiri kwa kila mtu isipokuwa nyumba yangu nzima. Mama mkwe akaanza na Kinyakyusa cha kubembeleza. Kijana akasema yeye kwao Songea.

Nikamweleza. Akatafuna, akameza.

"Kaka, mimi hii nimeinunua kama chuma. Wewe unataka kuinunua kama spea. Hizo ni bei mbili."

Nikamwambia simnunulii, nambadilishia: moja kwa moja, altaneta kwa altaneta, tena ya kwangu safi. Akaona ni haki. Akatoa mzani, akapima yake, akapima yangu, akanigeuzia usoni.

"Hii imepungua."

Ilikuwa imepungua kweli. Shemeji alikuwa ameosha karibu robo kilo ya matope. Nikajaribu kueleza kwamba tope si chuma. Akaniuliza mbona wakati wa kuuza hatukulitoa. Hapo sikuwa na la kusema, nikampa elfu kumi, ya robo kilo na ya usumbufu, na bodaboda aliyekuwa anacheka akaongeza bei ya kurudi.

Tuliifunga jioni kwa tochi. Mzee akaja na mita yake: kumi na nne nukta moja. Taa ya dashibodi ikazimika, watu wakapiga makofi, akina mama wakaita watu wale ndizi.

Wakati tunakula nikaona si vibaya kugusia zile elfu tatu na mia tano, angalau zisaidie kwenye bodaboda. Mama mkwe akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, mimi niliuza altaneta mbovu. Yule kijana kaondoka na ipi?"

"Mbovu, mama."

"Haya. Sasa hela ya watu unaidai ya nini?"

Shemeji akanawa mikono, akasema kwa kuwa tunaongelea hesabu, na yeye anadai sabuni.