Jeni Iliyobandikwa Jina la Ugonjwa

Mwaka 1996 wanasayansi waliibaini jeni moja kwenye kromosomu ya 4, ikaitwa PKD2. Herufi hizo zimetokana na jina la maradhi ya kurithi yanayojaza figo vifuko vya maji, polepole, hadi zishindwe kuchuja damu. Tangu hapo kila anayeisikia anadhani keshaijua kazi yake. Mimi naona jina hilo limetupotosha. Ni kama kumwita fundi kwa ukuta wake ulioanguka na kuzisahau nyumba zote alizojenga.

Tazama inachofanya kabla figo hazijakuwapo. Kiinitete cha panya chenye umri wa siku nane hivi hakijaanza kuumba figo zake za kudumu, wala moyo wake haujapinda. Ukikitazama, kushoto na kulia ni sawasawa. Ila kina kishimo kidogo chenye majimaji, na seli za humo zimeota vijinywele. Vya katikati huzunguka vikiwa vimeinamia nyuma, na mwinamo huo ndio unaosukuma majimaji kwenda kushoto. Watafiti wa Japani walionyesha mkondo huo mwaka 1998. Bado sijaacha kustaajabu: kijito kisichoonekana kwa macho ndicho kinachoamua moyo ukae wapi!

Mkondo peke yake hautoshi, lazima awepo wa kuusikia. Pembezoni mwa kishimo kuna vijinywele vingine, hivi havizunguki, na protini ya PKD2 imo humo. Kazi yake ni kuwa mlango wa kalsiamu. Vikipindwa na mkondo, mlango hufunguka, na seli za upande ule hupata habari kwamba huku ndiko kushoto. (Wataalamu walibishana miaka mingi: vinahisi msukumo, au kemikali inayobebwa na majimaji? Majaribio yaliyochapishwa 2023, ambapo kijinywele kimoja kilipindwa kwa leza, yaliwapa nguvu wale wa msukumo.)

Panya walioondolewa jeni hii kabisa hufia tumboni. Kuta za mioyo yao zina matundu. Pafu la kushoto, ambalo kwa panya huwa kipande kimoja, hugawanyika kama la kulia lenye vipande vinne.

Basi mbona moyo wa mgonjwa wa figo huwa kushoto kama wa watu wengine? Kwa sababu amerithi nakala moja mbovu na moja nzima, na hiyo nzima inatosha kumuumba. Taabu huja baadaye, seli moja moja ya figo inapoipoteza na hiyo iliyobaki. Hapo kifuko huanza kuvimba. Protini ni ile ile, ila mwenzake hubadilika: kwenye figo hushirikiana na protini ya jeni nyingine, PKD1, kwenye kishimo na ya jeni ya tatu, PKD1L1.

Kinachonikera ni desturi ya kugawa elimu kwa viungo, wa figo huku, wa moyo kule, wa viinitete chumba kingine. Maana seli za figo nazo zina vijinywele, na uhusiano wa vijinywele hivyo na ugonjwa huu ulidhihirika mwaka 2000 kupitia Chlamydomonas, mwani wa seli moja. Jeni ambayo mwani huo huihitaji kuotesha mikia yake ya kuogelea, ambayo ni ndugu wa vijinywele, ilikutwa ni ile ile iliyoharibika kwa panya fulani wenye vifuko kwenye figo. Na mwani hauna figo.