Kipepeo huyu si pambo

Nimeonyeshwa picha mbili bega kwa bega: mbayuwayu, na yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi, Vanessa cardui. Chini ya ndege pameandikwa “msafiri”. Chini ya kipepeo, “pambo la bustani”. Imenikera tangu jana.

Mbayuwayu simnyimi haki yake. Ana gramu 20 hivi na anavuka Sahara. Mwaka 1911 mmoja alivishwa pete mguuni Staffordshire, Uingereza, na Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini. Watu walishangaa, na walistahili kushangaa.

Lakini mbayuwayu aliyeondoka anaweza kurudi mwenyewe, akakikuta kiota chake cha tope palepale. Kipepeo je? Hafiki hata gramu moja, na anaishi wiki chache tu akishaota mabawa. Safari yake, kutoka Afrika kusini mwa Sahara hadi kaskazini ya Ulaya na kurudi, ni zaidi ya kilomita 12,000, na hakuna hata mmoja anayeimaliza. Mama anataga njiani, anafia njiani. Kiwavi anaanguliwa, anakula, anajifunga, anatoka na mabawa mabichi, yakikauka anaendelea pale mama alipoishia. Hakumwona mama yake. Nani kamwambia kwamba sasa ni zamu ya kugeuka kusini? Mimi hapo ndipo napigwa na butwaa, kila mara.

Niliwahi kumwinamia mmoja juu ya ua. Kingo za mabawa zilikuwa zimechanika, rangi imepauka kwa kupukutika vumbi lake. Mrija wa kufyonzea ulikunjuka, ukazama ndani ya ua, ukajikunja tena kama utepe. Nilisogea hadi pumzi yangu ikamtikisa. Hakuruka. Alikuwa na njaa ya safari.

Na mwaka 2013 vipepeo wa aina hii walionekana ufukweni Guyana ya Ufaransa, ng'ambo ya Atlantiki. Watafiti walipochunguza chavua iliyonata miilini mwao, wakakuta ya vichaka vya Afrika Magharibi. Matokeo yalitoka 2024: kilomita 4,200 au zaidi juu ya bahari, upepo ukiwasukuma, bila pa kutua.

Wimbo, sawa, mbayuwayu anao na kipepeo hana. Hilo nakubali, na ni hilo tu.